Ukikuta barua za vitani kwenye sanduku la bibi, usitafute vita ndani yake

Ikikaribia tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, simu yangu huwa inajaa picha za barua. Watu wa hapa Dodoma mjini, wa Mpwapwa, Kondoa, Bahi, mpaka Manyoni kule upande wa Singida, wanapiga picha barua za baba au mjomba aliyepigana Vita vya Kagera wananitumia, na swali huwa ni lilelile, hizi zina maana yoyote au tuzichome tu? Mbona hazina kitu, ni salamu mwanzo mpaka mwisho. Kazi yangu ni nyaraka, nimeshika makaratasi ya kila aina, na kati ya yote hakuna ninayoyathamini kama barua za ofisa kijana anayemwandikia mama yake wakati wa vita. Alafu hakuna zinazosomwa vibaya kama hizo. Kwahiyo leo naandika kwa kirefu kidogo, nivumilieni.

Kwanza tuwekane sawa kwenye tarehe maana vijana wengi zinawachanganya. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, yakakalia eneo letu lote la kaskazini mwa mto Kagera, daraja la Kyaka likalipuliwa, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akaongea na taifa, ile hotuba ya sababu, nia na uwezo ambayo wazee mpaka leo wanakutolea kwa kichwa. Watu wakakusanywa, JWTZ, JKT, mgambo, polisi, magereza, mpaka magari ya mashirika na ya watu binafsi yakachukuliwa kubeba askari. Masaka ikachukuliwa tarehe 24 Februari 1979, Machi kukawa na mapigano makali pale Lukaya, Entebbe tarehe 7 Aprili, Kampala tarehe 11 Aprili, na mwanzoni mwa Juni vikosi vyetu vikawa vimefika mpaka wa mbali kabisa wa Uganda. Hiyo ndo ratiba, iandike kwenye karatasi uiweke pembeni kabla hujafungua barua hata moja.

Sasa barua yenyewe. Kuna moja nimekaa nayo muda mrefu, familia imeniruhusu niielezee bila majina. Ni karatasi ya daftari la hesabu, lile la maboksi, imechanwa katikati ya daftari pale kwenye pini, imeandikwa pande zote mbili kwa peni ya bluu, imekunjwa mara nne mpaka kwenye mikunjo wino umefutika. Juu kulia kuna namba ya kikosi na herufi KJ, yaani Kikosi cha Jeshi, hakuna jina la mahali, kama ambavyo leo tunasikia 834 KJ Makutupora, ila huyu hajaandika hata wilaya. Tarehe ni ya siku za mwisho za Februari 1979. Yaani Masaka imeshaanguka, watu wako ndani ya Uganda, redio inatangaza. Na kijana anamwandikia mama yake nini? Shikamoo, mimi mzima, hofu ni juu yenu huko. Palizi mmefika wapi. Yule mtamba asiuzwe hata kama fulani atakuja kushawishi, mpaka mimi nirudi. Dogo aache kutoroka shule. Kuhusu vita kuna sentensi moja tu katikati ya barua, anasema wamesogea kidogo kutoka pale walipokuwa mwanzo na mahali penyewe pana ndizi nyingi, ingekuwa kwetu watu wangenenepa. Basi, anarudi kwenye ng'ombe.

Mjukuu aliyeniletea aliniambia, babu hakuwa anaandika chochote cha maana. Mi nikamwambia hapana, hiyo barua imejaa mpaka inamwagika, ila wewe unaisoma kama vile ilikuwa imeandikwa kwa mtu mmoja anayesoma peke yake chumbani. Haikuwa hivo. Na hapa ndo kwenye hoja yangu yote ya leo: barua ya vitani kwa mama, kabla hujauliza inasema nini, uliza kati ya mkono ulioandika na sikio la mama walikuwepo watu wangapi.

Tuwahesabu. Wa kwanza ni jeshi lenyewe. Hakuna jeshi duniani linalomruhusu askari kuandika yuko wapi, wako wangapi na kesho wanaenda wapi, na ofisa ndo anabanwa zaidi maana yeye anajua zaidi. Kwahiyo ndizi nyingi ni lugha ya mtu anayejua mipaka yake, amempa mama picha ya mahali bila kutaja mahali. Wa pili ni njia ya kupita. Barua ilikuwa haiendi nyumbani, kijijini hakuna sanduku la posta la mtu binafsi, ilikuwa inaenda kwenye S.L.P. ya shule ya msingi, au ya misheni, au ya ofisi ya kata, inakaa mezani kwa mwalimu mkuu mpaka apatikane mtoto wa kuipeleka. Kila aliyepita pale mezani ameshaona bahasha. Kijiji kizima kinajua mama fulani ana barua kabla mama mwenyewe hajajua.

Wa tatu ndo muhimu kuliko wote, msomaji. Akina mama wengi wa Ugogo wa umri ule hawakupelekwa shule. Ni kweli kampeni ya elimu ya watu wazima ilifanya kazi kubwa sana, wasiojua kusoma nchini walishuka kutoka karibu theluthi mbili ya watu wazima mwaka 1967 mpaka chini ya theluthi moja mwaka 1977, na wapo mabibi waliojifunza kusoma chini ya mti jioni baada ya shamba. Lakini kusoma ubaoni ni kitu kimoja na kusoma mwandiko wa haraka wa mtu aliyeandikia gotini ni kitu kingine. Kwahiyo barua ilisomwa na mtoto, wa darasa la nne, la tano, uani, jirani wawili watatu wakiwepo, na mara nyingi mtoto huyohuyo anageuza kutoka Kiswahili kwenda Kigogo palepale huku anasoma. Kijana aliyeko vitani analijua hilo vizuri kabisa. Huenda msomaji ni mdogo wake wa tumbo moja. Sasa wewe niambie, utamwandikia mtoto wa miaka kumi na moja asome kwa sauti mbele ya mama yenu kwamba jana rafiki yako amekatika mguu? Huwezi. Unaandika palizi.

Na palizi yenyewe si kujaza karatasi. Angalia kalenda. Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, zinaanza Desemba hivi au mwisho wa Novemba, zinakatika Aprili. Vita ilianza watu wakiandaa mashamba na ikaisha wakivuna, yaani ilikula msimu mzima wa kilimo kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na nguvukazi ya nyumba iko Uganda imebeba bunduki. Ukizipanga barua za mtu mmoja kwa mfuatano unaona kabisa anatembea na shamba: Desemba anauliza mvua, Februari palizi, Aprili nani anaamia ndege kwenye mtama na uwele, Juni mmepata magunia mangapi. Kijana anaendesha nyumba kutoka vitani. Anaamua ng'ombe gani auzwe, nani alipiwe ada, mgogoro wa mpaka wa shamba usubiri. Kwa mama hiyo ndo ilikuwa habari kubwa, mwanangu akili yake iko timamu, bado ana mpango wa kurudi. Mtu ambaye hana mpango wa kurudi hahangaiki na mtamba.

Alafu zile salamu za mwisho ambazo watu wanaziruka. Msiziruke jamani, naomba sana. Mi huwa naanzia hapo. Chukua barua zote za mtu mmoja, andika kwenye karatasi majina yote ya wanaosalimiwa, kwa kila barua. Utaona jina la mzee fulani lipo barua ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha halipo tena, maana yake ameshapata taarifa ya msiba kwa barua ya kutoka nyumbani. Utaona jina jipya la binti, linakuja kwa aibu katikati ya majina ya shangazi. Na utaona salamu za aina moja ambayo kila nikiikuta nasimama: mwambie mama fulani mwanae anamsalimu sana, tuko wote. Hapo barua moja inalisha nyumba mbili. Vijana wa kijiji kimoja au tarafa moja walijikuta kikosi kimoja, aliyeandika anawatolea taarifa na wasiopata nafasi ya kuandika, na yule mama wa pili anakuja uani kusikiliza barua isiyo yake.

Kwenye mafungu mawili niliyowahi kuyapanga, ile salamu ya mama wa pili inafika mahali inakatika. Haielezwi. Ofisa hawezi kuandika, taarifa ya kifo ina njia yake rasmi ya kufika kwa familia na yeye hana ruhusa ya kuitangulia, na pia mkono haukubali. Lakini mama wa pili alikuwa amekaa pale uani anasubiri jina lake litajwe. Ukishalijua hilo huwezi tena kuniambia barua haina kitu, ni salamu tu.

Ngoja niwape mfano wa upande mwingine ili tofauti ionekane. Kuna ofisa kijana wa Uingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, Wilfred Owen, wengi wanamjua kama mshairi ila mimi namjua zaidi kwa barua zake, maana alimwandikia mama yake, Susan, mamia ya barua na nyingi zipo mpaka leo. Alipelekwa Ufaransa akiwa luteni usu mwanzoni mwa mwaka 1917, na ndani ya wiki chache tu akawa anamweleza mama yake mambo mazito kabisa, maji na tope ndani ya handaki, makombora yanadondoka masaa kwa masaa, askari wake wa zamu kapofuka. Hakumficha. Nimewahi kuulizwa na wanafunzi, mbona wazungu waliwaambia mama zao na wa kwetu hawakuwaambia, wa kwetu walikuwa hawawapendi? Jibu ni lilelile, hesabu watu wa katikati. Susan Owen alijua kusoma, aliweza kufungua bahasha mwenyewe na kusoma mwenyewe, na barua ilifika kwake siku chache tu baada ya kuandikwa. Hakuna mtoto wa darasa la tano pale. Kingine, kwenye jeshi la Uingereza maofisa wadogo ndo waliokuwa wanakagua barua za askari wao, zao wenyewe waliachiwa zaidi kwa heshima yao, kwahiyo luteni alikuwa na nafasi ambayo askari wa kawaida hakuwa nayo. Na hata huyo Owen aliyekuwa anasema kila kitu, barua yake ya mwisho kwa mama, ya tarehe 31 Oktoba 1918, aliiandika akiwa kwenye chumba cha chini cha nyumba moja kimejaa moshi na askari wamebanana, akamtuliza kwamba pale alipo hakuna hatari. Tarehe 4 Novemba akauawa kwenye mfereji wa Sambre-Oise, ana miaka 25. Telegramu ya kifo ilifika kwao Shrewsbury tarehe 11 Novemba, siku vita imesimama na kengele za makanisa zinalia kushangilia. Hata msema kweli ilifika mahali akachagua kumtuliza mama.

(Kipindi hichohicho, tusisahau, vita ya wazungu ilikuwa imeshafika kwetu. Dodoma ilichukuliwa kutoka kwa Wajerumani mwezi Julai 1916, majeshi ya pande zote yalikomba ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na ikafuata Mtunya, ile njaa kubwa ambayo Wagogo bado wanaihesabia miaka. Wale wapagazi nao walikuwa na mama zao. Barua zao hatuna. Ndo maana hizi za 1978 na 1979 nazishikilia kwa nguvu hivi.)

Nimemtaja Owen kwa sababu nyingine pia. Baada ya yeye kufa, mdogo wake Harold ndo alitunza makaratasi, na alipokuta sehemu ambazo aliona zinaaibisha familia akazifuta, nyingine kwa kuzipaka wino mweusi kabisa. Mpaka leo wanaosoma barua zile wanakutana na mabaka. Alifanya kwa upendo, sina shaka, lakini kilichofutwa hakirudi. Na huku kwetu naliona hilohilo, shangazi anakuta barua ina jina la mwanamke mwingine, au deni, au babu anamsema vibaya kaka yake, anakata kipande na mkasi. Tafadhali msikate. Kama kuna jambo linauma, funga barua kwenye bahasha, andika juu kwa penseli isifunguliwe mpaka mwaka fulani, mkabidhi mtu mnayemwamini. Hiyo ni haki yenu kabisa. Kukata si haki ya yeyote, hata mtoto wa kwanza.

Kuhusu utunzaji mengine nitapita haraka. Ukavu wa Dodoma unatusaidia, karatasi haioti ukungu kama ya watu wa pwani, ila tuna vumbi na tuna mchwa, kwahiyo sanduku la bati lisikae chini kwenye udongo, liweke juu ya matofali au meza. Usibandike selotepu hata kama imechanika vipande vinne, gundi yake inageuka njano, inaingia kwenye karatasi, haitoki. Usifanye laminesheni, naona sana hii, mtu anaipeleka steshenari kwa nia njema kabisa na barua inaunguzwa ndani ya plastiki moja kwa moja. Pini na stepla zenye kutu zitoe taratibu. Usiikunjue kwa nguvu. Piga picha kwa simu karibu na dirisha bila flashi, mbele na nyuma, na BAHASHA pia, watu wanatupa bahasha wakati mhuri wa posta ndo wenye tarehe na jina la ofisi. Mara nyingi utaona barua imeandikwa tarehe fulani, mhuri ni wiki mbili baadaye, na ikafika nyumbani baadaye zaidi, maana yake mama alivyokuwa anafurahi kwamba mwanae mzima, uzima wenyewe ulikuwa wa mwezi uliopita. Wao walilijua hilo. Walisikiliza redio ya leo wakiwa na barua ya mwezi jana mkononi.

Na kuna kosa moja la tarehe nalirekebisha kila mara. Mtu anakuta barua ya kutoka Uganda ya mwaka 1980 anadhani babu alikosea kuandika mwaka. Hakukosea. Sehemu ya majeshi yetu ilibaki Uganda kulinda usalama baada ya vita, wa mwisho waliondoka 1981. Pia ukiona Ziwa Magharibi usishangae, ndo lilikuwa jina la mkoa kabla haujaitwa Kagera, na barua inayotumia jina moja au jingine inakusaidia kukisia muda kama tarehe imefutika. Ukiona mwandiko umebadilika ghafla ndani ya fungu la mtu mmoja, sahihi ni yake ila maneno yameandikwa na mkono mwingine, uliza familia kama aliwahi kuumia mkono au kulazwa, mara nyingi jibu lipo kwa mtu mzima mmoja tu ambaye hakuwahi kuulizwa.

Watu huwa wananiuliza pia, na barua za mama kwenda kwa mwanae ziko wapi? Karibu zote hazipo. Askari anayetembea kwa miguu kutoka Kagera mpaka mpaka wa Sudan habebi fungu la barua, zinalowa, zinachanika, zinaachwa. Kwahiyo tunasikia upande mmoja tu wa mazungumzo na sauti ya mama tunaipata kwenye majibu, anapoandika kwamba ile habari ya mbuzi nimeielewa, unajua mama alilalamika kuhusu mbuzi. Na mama naye alikuwa anamwambia mtoto aandike, kwahiyo yule mtoto wa darasa la tano ndo alikuwa masikio na ndo alikuwa kalamu ya bibi.

Sasa huyo mtoto yuko wapi leo? Aliyekuwa na miaka kumi na moja mwaka 1979 saa hizi yuko hapo kwenye miaka hamsini na kitu kuelekea sitini, pengine ni shangazi yako, pengine ni jirani yenu Chamwino au Kongwa. Huyo ndo shahidi mkubwa uliyebaki naye na nina uhakika familia haijawahi kumuuliza kwa sababu wote mnamwangalia babu aliyepigana. Mtafute kabla ya kuniletea mimi barua. Msalimie vizuri, kaa naye, washa kinasa sauti cha simu kwa ruhusa yake, mpe barua aisome kwa sauti kama alivyoisoma wakati ule, alafu umuulize haya: nani alikuwepo uani, kuna mahali ulipokuwa unaruka, kuna kitu ulikuwa unaongeza, bibi alikuwa anataka irudiwe sehemu gani. Wengi wanakumbuka, wengine wanakiri kabisa kwamba kuna mstari waliuruka wakakaa nao moyoni. Rekodi hiyo iandikie tarehe na jina, ihifadhi pamoja na picha za barua sehemu mbili tofauti, na kama familia imekubali nakala zitoke nje ya nyumba, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina kituo hapahapa Dodoma, nendeni mkaulize utaratibu, mkiwa na aliyezisoma akiwa hai na mwenyewe ameshakubali.